Tai wa Msituni na Upana wa Neno *Tai*: Maelezo ya Ndege Mmoja wa Wilaya za Tarime na Serengeti

1.0 Utangulizi

Kati ya Julai na Oktoba, makundi ya nyumbu yanapovuka Mto Mara kaskazini ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na upande wa Kenya, maelfu yao hufa maji. Watafiti waliochunguza jambo hili walikadiria, katika makala yaliyochapishwa mwaka 2017, kwamba mizoga ipatayo 6,250 kwa wastani hubaki mtoni kila mwaka. Mizoga hiyo huwavuta ndege wakubwa wenye shingo tupu, ambao msemaji wa Kiswahili huwaita *tai* au *tumbusi*. Juu ya mizoga ileile, ndani ya majani mazito ya mikuyu ya ukingoni, huweza kuwapo ndege mwingine ambaye naye huitwa *tai*. Huyu hana haja na mizoga. Anawatazama tumbili waliokuja kunywa maji.

Makala haya yanamhusu ndege huyo wa pili, ambaye wataalamu humwita *Stephanoaetus coronatus*. Yanakusudia kueleza umbo lake, mawindo yake, malezi yake na makazi yake, kwa kutilia mkazo wilaya za Tarime na Serengeti katika Mkoa wa Mara. Aidha, yanakusudia kuonyesha kuwa maelezo yaliyozoeleka ya neno *tai* hayamfai ndege huyu karibu katika kila kipengele, na kwamba kutofaa huko si suala la kamusi peke yake.

2.0 Neno tai katika mapokeo ya Kiswahili

Kiswahili hakina uhaba wa majina ya ndege walao nyama. Kipo *kipanga*, yupo *mwewe*, yupo *kozi*, yupo *furukombe*, yupo *kwazi*, na yupo *kipungu*. Mengi ya majina haya yamekuzwa na watu wa pwani, na yanabeba macho ya watu wa pwani. Furukombe na kwazi ni ndege wa majini, wanaojulikana sana na wavuvi. Jina *pungu*, pamoja na *kipungu*, hutumika kwa ndege na pia kwa samaki wa jamii ya taa, ambaye mapezi yake humfanya aonekane kama anayeruka ndani ya maji. Aliyekipa kiumbe cha baharini jina la ndege, au pengine ndege jina la samaki, alikuwa mtu aliyesimama pwani akatazama juu na chini.

Neno *tai* ndilo pana kuliko yote hayo. Tangu kazi za wamisionari wa karne ya 19, kamusi zimelielekeza kwa ndege mkubwa mla nyama, arukaye juu sana, na mara nyingi zimemhusisha na mizoga. Tafsiri ya Biblia ya mwaka 1952 iliyaweka *tai*, *furukombe* na *kipungu* mfululizo katika orodha ya ndege wasioliwa ya Mambo ya Walawi, sura ya 11. Hapa yafaa kusimama kidogo. Neno la Kiebrania linalofasiriwa kwa *tai*, yaani *nesher*, lina upana unaofanana sana na wa neno la Kiswahili: katika Mika 1:16 ndege huyo anatajwa kwa upara wake, sifa ambayo ni ya tumbusi, ilhali kwingineko anasifiwa kwa nguvu za mbawa zake. Hali kadhalika, katika Mathayo 24:28, ndege wanaokusanyika penye mzoga wanaitwa *tai*, na msomaji wa Kiswahili haoni tatizo lolote. Wafasiri wa Kiingereza wamehangaika kwa muda mrefu kuchagua kati ya maneno mawili. Mfasiri wa Kiswahili hakulazimika kuchagua.

Upana huo, basi, si kasoro ya lugha. Tatizo huanza pale maelezo ya neno pana yanapochukuliwa kuwa ni maelezo ya kila ndege aliyemo ndani yake: kwamba tai ni ndege wa mbugani, azungukaye angani, aonaye mzoga kutoka mbali na kuuteremkia. Kwa tumbusi, maelezo hayo ni sahihi. Kwa ndege wa kwenye mikuyu, si sahihi hata kidogo.

3.0 Umbo, uwindaji na malezi

Ndege huyu alipewa jina la kitaalamu na Linnaeus mwaka 1766. Jina la jenasi lililotolewa na Sclater mwaka 1922 limetokana na maneno mawili ya Kigiriki, *stephanos* yaani taji, na *aetos* yaani tai. Jina la spishi ni la Kilatini na maana yake ni "aliyevikwa taji". Ndege huyu, kwa hiyo, amevikwa taji mara mbili katika jina moja. Taji lenyewe ni kishungi cha manyoya ya kisogoni, ambacho husimama anaposhtuka au anapokasirika.

Jike ni mkubwa kuliko dume, kama ilivyo kwa ndege wengi wawindaji. Uzito wake ni kati ya kilo 3 na karibu kilo 5. Urefu wa mwili hufikia sentimita 80 hadi 99. Jambo la kuzingatiwa zaidi ni mbawa. Zikitandazwa, upana wake kutoka ncha hadi ncha ni kama mita 1.5 hadi 1.8, wakati tai mkubwa wa mbugani (*Polemaetus bellicosus*), ambaye pia anapatikana Serengeti, hupita mita 2. Mbawa za ndege wa msituni ni fupi na pana, na mkia wake ni mrefu. Umbo hili halifai kuelea angani kutwa nzima kutafuta mzoga. Linafaa kupita kati ya matawi, kukata kona ghafla, na kuinuka karibu wima kutoka ardhini akiwa amebeba mzigo. Mgongo wake ni wa kijivu cheusi, na kifua na tumbo vina mabaka na michirizi myeusi juu ya rangi ya mchanga na kahawia, kiasi kwamba akitulia katika kivuli cha majani ni vigumu kumtambua. Kinda ana kichwa na kifua cheupe, na huchukua miaka kadhaa kufikia rangi za mkubwa. Tofauti hiyo imewahi kuwafanya watazamaji wadhani kuwa ni ndege wawili mbalimbali.

Silaha yake ni miguu. Miguu ni minene, na ukucha wa nyuma hufikia sentimita 5 au zaidi. Huwinda kwa kungoja. Hukaa kimya kwenye tawi kwa muda mrefu, kisha hushuka kwa mruko mfupi na kumbana mnyama kwa nguvu inayotosha kuvunja fuvu au kutoboa kifua. Kwa uzito yeye si mkubwa kuliko tai wote wa Afrika, lakini kwa nguvu za miguu wataalamu wengi humhesabu kuwa wa kwanza. Mnyama mdogo humla au humbeba mara moja. Mkubwa humkatakata hapohapo, kisha vipande huvificha juu ya miti na kuvirudia kwa siku kadhaa. Mtu akimkuta juu ya nyama ya juzi aweza kudhani kuwa ni mla mizoga, kumbe anakula akiba yake.

Chakula chake hutegemea mahali. Katika msitu wa Kibale nchini Uganda, ambako Struhsaker na Leakey walichapisha uchunguzi wao mwaka 1990 na wengine wakaendelea baadaye, zaidi ya asilimia 80 ya mabaki yaliyookotwa chini ya viota yalikuwa ya jamii ya kima na mbega. Mahali penye msitu mwembamba au vipande vya msitu, mawindo makuu huwa pimbi, perere, paa na watoto wa pongo. Kwa kingo za Mto Mara na Mto Grumeti, mawindo ya aina zote mbili yapo: tumbili ni wengi, mbega wapo Grumeti, na pimbi wamejaa katika miamba ya vilima.

Kuhusu malezi, elimu kubwa imetoka jirani, nchini Kenya. Leslie Brown, aliyekuwa afisa wa kilimo, alifuatilia viota katika nchi ya Embu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, mwaka hadi mwaka, na matokeo yake aliyatoa kwa makala mbalimbali, mojawapo ikiwa ya mwaka 1966. Kiota hujengwa katika panda ya mti mkubwa, na dume na jike hukirudia na kukiongeza vijiti kwa miaka mingi mpaka kikafikia upana wa mita 2 na zaidi. Jike hutaga yai moja au mawili. Huatamia kwa siku zipatazo 50. Makinda yakiwa mawili, kubwa humuua dogo katika siku za mwanzo, na wazazi hawaingilii. Linalobaki hukaa kiotani kwa siku kama 110. Likisharuka, kazi haijaisha: wazazi huendelea kulilisha kwa miezi 9 hadi 11. Ndiyo maana dume na jike wanaofanikiwa hupata kinda mmoja tu katika kila miaka miwili.

Hesabu hii yafaa ifikiriwe kwa utulivu. Mti mmoja wenye kiota ukikatwa wakati kinda linalelewa, kinachopotea si kinda tu. Hupotea miaka miwili ya kazi ya wazazi, na pengine makao ya miongo mizima.

4.0 Tumbili na maana ya tai

Kwa msomaji wa isimu, sehemu ya historia ya ndege huyu iliyo na mvuto mkubwa haimo katika mwili wake bali katika vinywa vya mawindo yake. Mwaka 1980, Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walichapisha matokeo ya utafiti wao juu ya tumbili wa Amboseli, nchini Kenya. Walionyesha kuwa tumbili hutoa milio tofauti ya tahadhari kwa maadui tofauti. Mlio wa chui huwafanya tumbili wakimbilie mitini. Mlio wa nyoka huwafanya wasimame kwa miguu miwili na kutazama nyasini. Mlio wa tai huwafanya watazame juu na kujitosa vichakani. Watafiti walirekodi milio hiyo na kuirudisha kwa vipaza sauti wakati hapakuwa na adui yeyote, na tumbili walitenda vilevile. Mlio, kwa hiyo, ulitosha peke yake kuwapa habari.

Mjadala juu ya kama huku kuitwe *maana* katika upeo ule wa lugha ya binadamu haujaisha, na si kazi ya makala haya kuumaliza. La kuzingatiwa hapa ni jambo jingine katika utafiti huohuo. Watoto wa tumbili hutoa mlio wa tai kwa vitu vingi mno: kwa ndege wasio na hatari, hata kwa jani linaloanguka. Kadiri wanavyokua, mlio huo hubanwa mpaka ukabaki kwa wawindaji wa kweli, hasa wale tai wawili waliokwishatajwa, wa mbugani na wa msituni. Tumbili mzima hampigii kelele tumbusi.

Kwa maneno mengine, kundi ambalo neno letu *tai* linaliweka pamoja, tumbili mkomavu amekwisha kuligawa. Anawatenga tumbusi, anawabakiza wawindaji. Hakuna aibu katika hilo kwa Kiswahili, kwa kuwa mgawo wa tumbili unatokana na shingo yake mwenyewe kuwa hatarini, na binadamu hakuwa na sababu hiyo. Au hakuwa nayo kwa karne nyingi. Mwaka 1995, Lee Berger na Ron Clarke walidai kuwa fuvu la mtoto wa Taung, lililopatikana Afrika ya Kusini mwaka 1924, ni la mtoto aliyeuawa na tai mkubwa. Mwaka 2006 Berger alionyesha alama katika matundu ya macho ya fuvu hilo, zinazofanana na zile zinazoachwa na tai wa msituni juu ya mafuvu ya kima. Madai hayo yamekubaliwa na wengi. Katika nyakati za sasa, visa vya ndege huyu kumshambulia mtoto ni vichache mno. Kinachotajwa mara nyingi ni cha Zambia, ambapo tai mchanga alimvamia mtoto wa miaka saba na mwanamke mmoja akamwua ndege huyo kwa jembe.

5.0 Msitu wa Mara

Mto Mara huanzia katika nyanda za juu za Mau nchini Kenya na kusafiri kilometa zipatazo 395 hadi Ziwa Viktoria. Sehemu yake ya Tanzania hupita kaskazini ya hifadhi, katika eneo la Lamai, kisha kati ya Tarime na Serengeti, na kuingia katika madimbwi mapana kabla ya ziwa. Nje ya hifadhi, nyanda za juu za Tarime zina mvua ya kutosha, udongo mzuri na watu wengi. Mahindi, migomba na mihogo imefika hadi kwenye vijito. Msitu wa kweli uliobaki ni utepe kando ya mito, na viraka katika makorongo na vilima.

Utepe huo una udhaifu wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 juu ya misitu ya kingo za mto katika Serengeti ulionyesha kuwa mbegu za miti zilizopita katika matumbo ya ndege wala matunda huepuka kushambuliwa na wadudu, ilhali zile zinazoanguka tu chini ya mti huharibiwa kwa wingi. Moto unapofungua msitu, ndege hao hupungua. Ndege wakipungua, mbegu huliwa na wadudu. Na msitu haujirudishi. Tai wa msituni yu juu kabisa ya mnyororo huu. Hali matunda wala mbegu, lakini hana mti wa kujenga ikiwa kwekwe na shorobo wa miaka hamsini iliyopita hawakupanda.

Hapa ndipo upana wa neno *tai* unapogeuka kuwa jambo zito. Katika mfumo wa Serengeti na Mara, tumbusi wamekuwa wakifa kwa sumu, hasa sumu inayowekwa katika mizoga ili kuua simba au fisi walioshambulia mifugo. Mwaka 2015, aina kadhaa za tumbusi wa Afrika ziliingizwa katika daraja la walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Ujumbe wa Kiswahili unaosema kuwa tai wanakufa kwa sumu ni wa kweli na wa lazima. Lakini mwanakijiji au ofisa anayeelewa kuwa *tai* ni mmoja, atahitimisha kuwa sumu ikikomeshwa, tai wote wamesalimika. Ndege wa msituni, ambaye tangu mwaka 2012 amewekwa katika daraja la wanaokaribia hatari, haathiriwi sana na mzoga wenye sumu kwa sababu haugusi ila kwa nadra. Anayemwua ni shoka, tanuri la mkaa na moto. Maradhi ni mawili, na neno moja limeyaficha yasitofautishwe.

Lipo kosa la upande wa pili pia. Vifaranga vikichukuliwa, lawama humwangukia *tai* kwa jumla, wakati mwizi wa vifaranga kwa kawaida ni mwewe au kipanga. Ndege wa msituni huweza kumchukua mwanambuzi au mbwa mdogo, na haifai kulificha hilo. Pamoja na hayo, huwinda tumbili, adui anayejulikana wa shamba la mahindi. Isidhaniwe hata hivyo kuwa yeye ni mlinzi wa mashamba: eneo la dume na jike ni kubwa mno, na tumbili ni wengi mno. Faida yake kwa mkulima ni ndogo, na utetezi wa ndege huyu hauna sababu ya kuegemea juu yake.

Mfano wa kutia moyo unatoka mbali. Katika jiji la Durban, Afrika ya Kusini, watafiti wamechunguza jozi za tai hawa zinazozaa ndani ya mipaka ya jiji, katika mabonde yenye miti yaliyozungukwa na nyumba. Viota vingi viko juu ya mikaratusi, mti wa kigeni. Ndege huyu, basi, hadai msitu wa asili usioguswa na mtu. Anadai mti mkubwa usiokatwa, mawindo ya kutosha karibu yake, na watu wasiompiga. Mikaratusi haikosekani Tarime. Inayokosekana ni mikaratusi iliyoachwa ikazeeka, kwa kuwa hukatwa mapema kwa nguzo na kuni.

6.0 Suala la jina

Ikiwa ndege huyu anahitaji jina lake, jina gani? Tafsiri ya moja kwa moja ya jina la kitaalamu ingetoa *tai mwenye taji* au *tai kishungi*. La pili lina hatari. Katika mashamba ya Tarime huonekana ndege mwingine, mweusi, mdogo zaidi, aketiye juu ya nguzo na miti mikavu akingoja panya (*Lophaetus occipitalis*), na kishungi chake ni kirefu na dhahiri kuliko cha ndege anayezungumziwa. Mkulima akiambiwa *tai kishungi*, atamwonyesha huyo, na atakuwa na haki. Jina *tai wa msituni*, lililotumika katika makala haya, lina faida ya kutaja makazi, ambayo ndiyo yanayomtenganisha na wengine na ndiyo yanayotishwa. Kasoro yake ni kuwa limebuniwa mezani.

Katika wilaya hizi Kiswahili kinaishi pamoja na Kikuria, Kingoreme, Kiikoma, Kinata na Kiisenye, lugha za watu waliokaa na misitu hii kabla ya kuwapo hifadhi, na huko ndiko jina la kudumu linakoweza kutafutwa. Utaratibu uliozoeleka wa kuwaonyesha wazee picha za vitabu hautafaa sana kwa ndege huyu, kwa sababu watu wachache humwona kwa karibu. Humsikia. Wakati wa kuzaa, dume hupaa juu sana ya msitu, akipanda na kushuka kama anayefuata mawimbi, huku akitoa mlio mwembamba wa kurudiarudia, *kiu-kiu-kiu*, unaofika mbali kabla mwenyewe hajaonekana; jike hujibu kwa sauti nzito zaidi. Mtafiti atakayekwenda Lamai au Mugumu na kinasa sauti chenye mlio huo, akauliza ni nani anayelia, ataanzia mahali ambapo wachunga ng'ombe wa kingo za Mara nao huanzia.